Kabari

Jumamosi ya tatu tangu mlima uteremke
tulipanda Lupando kwa miguu, watu kumi na tisa,
maana lori la mchanga lilikwama darajani
na dereva akasema yeye ameoa juzi tu.

Mimi natunza hazina ya kwaya.
Hesabu ilikuwa kichwani: mabati ishirini na mawili,
misumari kilo nne, ya bati kilo moja na nusu,
fremu moja ya mninga, mtoaji hakutaka jina.
Mabati tuliyabeba vichwani, wawili wawili,
na ukungu wa Rungwe ulipotufika mabegani
tukawa mapaa yanayotembea yenyewe
yakitafuta nyumba.

Nyumba ya Tumpale haikuwepo.
Palikuwa na tope limelala, zito, limeshiba,
na ncha ya mgomba mmoja ikipunga
kama mtu aliyechelewa mazishi.
Chungu cha pombe tu ndicho kilichosalia,
kizima, juu ya jiwe, kimekaa kama mwenyekiti.

Hapa niseme jambo ambalo kwenye ripoti sikuliandika.
Huyu Tumpale tulimtenga.
Januari, kwa barua, kwa ajili ya chungu hicho.
Kimpumu chake kilijaza uwanja Jumapili
kuliko sisi tulivyojaza mabenchi,
wazee wa kanisa wakakaa, wakapiga mhuri.
Aliyetia saini ni Mzee Mwasyoge,
huyu huyu, suruali kaikunja hadi magotini,
anayekanyaga udongo na kuugeuza kwa kisigino
akihema kama ng'ombe wa jembe.

Hakuna aliyeligusa. Kazi ina adabu yake:
lete maji, shika hapo,
timazi limekataa, bomoa kozi mbili.
Lugano, ambaye hajawahi kuwahi mazoezi ya besi,
alifika wa kwanza, akakaa wa mwisho.

Tumpale alisimamia. Hakulia mbele yetu.
Fundi alipoelekeza mlango barabarani
kama nyumba zote, akamkata:
"Ugeuze. Uangalie mlima.
Safari ile ulinijia kwa mgongo.
Ukirudi, nataka tuonane."

Saa nane jembe la Ambele likagonga debe la biskuti.
Ndani yake kadi ya ubatizo,
picha ya marehemu mumewe na koti la kuazima,
mbegu za maboga,
na barua yetu.
Kavu. Mhuri wa zambarau haujachuja.
Mlima ulichukua kitanda, ukachukua mbuzi,
ukamchukua mjukuu, Ipyana, wa darasa la pili,
ukatuachia barua.

Mwasyoge alinawa mikono kwanza.
Akaisoma yote, midomo ikimchezacheza,
mpaka kwenye jina lake.
Halafu akaitazama fremu,
maana tangu asubuhi ilikuwa inayumba kushoto
na tulikosa kipande cha mti cha kuikaza.
Akaikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane,
akaipachika kati ya mninga na tofali,
akaigonga kwa kitako cha nyundo.
Akatikisa. Ikatulia.
"Itashika," akasema.
Basi, hilo tu.

Tumpale alimtazama kwa muda mrefu.
Kisha akaenda kwenye chungu, akakisuuza mara moja,
si mara mbili, nilihesabu,
akatupikia ndizi humo humo.
Zilikuwa na ladha ya mbali ya ulezi.
Tulikula kimya.
Lugano aliongeza.

Nimepita tena Novemba, mvua zimeanza.
Mlango unakaza, sharti uusukume kwa bega.
Anasema ni karatasi, imevimba.
Nikamwambia tutaleta kabari ya mti, kazi ya dakika tano.
Hataki itolewe.